Miche Iliyopigwa Bandi

Mama Bandi hakuwa na mtoto aitwaye Bandi. Jina hilo lilimwotea kazini, pamoja na sugu ya kidole gumba aliyoipata kwa kushika mkasi miaka thelathini na ushei. Kwa asiyejua kushona, bandi ni ile mishono mirefu ya uzi mweupe ambayo fundi hushikizia nguo kabla haijapita kwenye cherehani. Mteja anaivaa hivyo hivyo, anageuka, anakaa, anainua mikono kana kwamba anafikia kitu juu ya kabati. Nguo ikikubali, inashonwa. Isipokubali, uzi unafumuliwa, na hakuna aliyeharibu kitambaa cha mtu.

Mafundi wengi huiruka hatua hiyo. Mama Bandi hakuiruka hata siku moja. Maharusi walikuja wakihema, gari liko nje linapiga honi, naye akawakalisha kwenye benchi, wakavaa bandi, wakainama, wakasimama, ndipo wakaruhusiwa kwenda kuolewa. Walinung'unika sana. Lakini hakuna hata mmoja aliyechanika kwapa mbele ya wageni, na habari hiyo ilimletea wateja kuliko kibao chochote.

Mumewe alikuwa mwoka mikate, na watu walimwita Bwana Pua. Si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa, ingawa ndogo haikuwa. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa na saa ukutani ambayo hakuna aliyeitazama, maana Bwana Pua angekuwa uani anapokea magunia ya unga, ghafla anainua kichwa na kusema, "Toeni trei ya pili." Trei ya pili ikitolewa, mikate imeiva barabara. Nyumbani naye alikuwa hivyo hivyo. Kabla hajavua viatu mlangoni ameshakwambia umepika nini, umesahau nini, na jirani wa chini ameunguza nini.

Halafu yakaja mafua. Mafua makali, ya kumlaza mtu wiki mbili, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Siku aliyorudi kazini trei tatu ziliungua yeye amesimama palepale mbele ya tanuri, mgongo unahisi joto, pua kimya. Hakuna aliyemfukuza. Kustaafu kwake kulikuwa kumebakiza miezi michache, akaamua kutangulia. Alirudi nyumbani na mikebe sita mikuukuu ya kuokea mikate, akaisukuma chini ya kitanda, akakaa kwenye kiti kinachotazama televisheni. Hapo alikaa mwaka mzima. Chakula alikula kwa kuwa saa ya kula imefika, kama mtu anayetia sahihi kitabu cha mahudhurio. Alikonda mpaka Mama Bandi akampunguzia suruali zote kiuno, mara mbili. Mara ya kwanza alifanya kazi hiyo huku akiimba. Mara ya pili alilia juu ya cherehani.

Daktari wa pua na masikio, mtu mpole mwenye maneno machache, aliwaambia ukweli bila kuuzungusha. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Ila pua hufundishwa upya kama mtoto anavyofundishwa herufi. Unachukua vitu vichache vyenye harufu kali, unanusa asubuhi na jioni, kila siku, kwa miezi, huku ukikumbuka vilivyokuwa vinanukia.

"Vitu gani?" aliuliza Mama Bandi, kalamu mkononi.

"Anavyovijua. Majani mabichi yanafaa sana."

Kwenye ngazi za kutoka, Bwana Pua alisema, "Yaani miaka sitini na mitatu, nimerudishwa chekechea." Mkewe alikuwa ameshafika mbali, anaiwaza roshani yao.

Roshani hiyo ilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa machweo. Mama Bandi aliipima kwa utepe wake: yadi tatu na robo kwa yadi moja na nusu, ukitoa kamba ya nguo na ndoo ya kudekia. Jua liliingia baada ya chakula cha mchana na halikuaga mpaka linazama, na vigae vilichoma nyayo. Upepo nao ulipita kati ya jengo lao na la pili kama mtu aliyechelewa basi. Mimea iliyowahi kuishi pale ilikiona cha moto. Waridi alilopewa na mteja lilimaliza siku tisa. Ua jingine lenye madoadoa, ambalo hakuna aliyelijua jina, lilipeperushwa na kopo lake likatua juu ya gari la mtu. Mwenye gari hakucheka.

Kwa hiyo safari hii Mama Bandi hakutaka mmea mzuri. Alikwenda kwa muuza miche wa pale njia panda, mwanamke wa makamo aliyekuwa akichekecha udongo wake kandokando ya barabara na kuwajibu wateja bila kuinua macho.

"Nataka mimea sugu," Mama Bandi alisema.

"Sugu kwa nini, mama? Kwa jua, kwa upepo, au kwa mwenye mimea?"

Mama Bandi alimnyooshea kidole gumba. "Sugu kama hii. Tena iwe na harufu. Tena iliwe."

"Na mlango iulinde pia?"

"Ikiweza."

Hapo muuza miche akainua macho, akacheka mpaka chekecheke likaacha kucheza. "Mimi nauza miche, mama. Miujiza iko duka jingine." Lakini kisha akaanza kuuliza. Jua linaingia saa ngapi? Upepo unatokea kona ipi? Maji ya kumwagilia yako karibu au ni ya kubeba? Mama Bandi alijibu kila swali kwa furaha, maana alijua amempata fundi mwenzake, mtu anayepima kabla ya kukata.

"Giligilani achana nayo," muuza miche alisema. "Kwa jua hilo itatoa mbegu kabla hujaonja jani. Chukua mchaichai, huo hauna adabu, utaota popote. Rozmari, lakini usiionee huruma kwa maji. Rehani, ila uikate vichwa kila wiki. Nanaa ifiche kivulini. Mshubiri kwa ajili ya kuungua jikoni. Na huu mlimau nakupa tu tuone."

"Nitaichukua yote kwa bandi," alisema Mama Bandi.

"Kwa bandi? Ndiyo nini?"

Akamweleza. Muuza miche alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Nimeuza miche miaka kumi na tano," alisema, "sijawahi kusikia mche unavalishwa nguo."

Vyungu havikuwepo. Mama Bandi alipiga magoti, akavuta ile mikebe sita kutoka chini ya kitanda, akaipeleka roshani na kuanza kuitoboa kwa msumari na nyundo. Alijua anagusa pabaya. Pigo la tatu la nyundo lilimtoa Bwana Pua kwenye kiti chake.

"Hiyo mikebe yangu."

"Ndiyo. Inataka kazi."

Alisimama pale mlangoni akiitazama. Mama Bandi alishika nyundo, akisubiri aambiwe airudishe. "Matundu manne hayatoshi," mumewe alisema mwishowe. "Toboa manane. Kitu kikikaa kwenye mkebe kinatoa jasho, kinaoza chini." Kisha akarudi kwenye kiti. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima, na Mama Bandi alitoboa manane.

Udongo aliupandisha mwenyewe, nusu debe kwa nusu debe. Lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "Mbovu" tangu enzi karatasi hiyo ilipokuwa nyeupe. Kila ghorofa alitua, akashika kiuno, akapumua, akaendelea. Chini ya mikebe alipanga masinia ya plastiki, kwa sababu siku ya kwanza maji yalichuruzika hadi kwa jirani wa chini, mlinzi wa benki, na kumwagikia shati lake jeupe la kazi. Mlinzi alipanda na shati mkononi, uso umekunjamana. Alishuka na shati lililofuliwa, likapigwa pasi, na kola yake iliyokuwa imechakaa ikageuzwa upande wa pili. Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza habari za miche kila wakikutana ngazini.

Sasa bandi yenyewe. Kila mche ulifungwa uzi mweupe kwenye shina, kwa kulegea. Wiki ya kwanza ulikaa kona ya upepo. Wiki ya pili ulikaa mbele, kwenye jua la alasiri, na maji ulipewa siku moja kati ya tatu. Daftari la vipimo vya wateja, lile lenye safu za kifua, kiuno na mkono, likapata kurasa mpya. Mchaichai: urefu umezidi, anakaa vizuri, hana aibu. Rozmari: siku kumi na nne hajaongezeka wala kupungua, mteja asiye na la kusema. Rehani: analegea mchana, jioni anasimama, ana njaa ya mkasi. Nanaa: amezimia mara tano, amehamishiwa nyuma ya mchaichai, sasa anajidai. Mshubiri: nilimsahau siku kumi na mbili, amenenepa.

Mlimau ulipukutisha majani yote. Mama Bandi aliufumua uzi wake bila kinyongo, akaurudisha kwa muuza miche, ambaye aliupanda ardhini na kusema hakutarajia makubwa kwake. Waliobaki walivuliwa uzi mweupe na kufungwa wa kijani. Uzi wa kijani maana yake umefaulu, wewe ni wa nyumba hii.

Hapo masomo yakaanza. Asubuhi kabla ya chai na jioni jua likipoa, Bwana Pua alivutwa hadi kwenye kigoda cha roshani na kuambiwa afumbe macho. Mama Bandi alichuma jani, akalisugua vidoleni, akalileta puani: mchaichai, nanaa, rehani, rozmari. Wiki mbili jibu lilikuwa lile lile, kutikisa kichwa. Wiki ya tatu, Bwana Pua alikunja uso na kusema polepole, "Hii ni kama... mchaichai?"

Mama Bandi alimpigia simu binti yao, karani wa bima katika mji mwingine, na binti akalia kazini mbele ya wateja. Wiki ya tano baba mtu alipata mbili. Wiki ya sita alipata zote nne, mfululizo, bila kusita.

Furaha ilijaa nyumba nzima. Lakini Mama Bandi alikuwa na jicho la fundi, na kuna nguo ambayo inakaa vizuri mradi tu mteja asitembee. Mumewe bado alikula kama anayetia sahihi. Mkanda wa suruali bado ulikuwa tundu la mwisho. Na siku moja, nanaa ilipokuwa imekatwa yote na jani lililobaki ni kavu kama karatasi, alilisifu kuliko siku zote.

Jioni iliyofuata akamwambia afumbe macho. Mchaichai. "Mchaichai," alisema Bwana Pua. Nanaa. "Nanaa." Halafu Mama Bandi akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, ya bluu, akaileta puani.

"Rehani," alisema Bwana Pua, na akavuta pumzi kifua kizima. "Leo imekolea kweli. Umeimwagilia nini?"

Kisha akafumbua macho. Chaki ilikuwa bado chini ya pua yake.

Mama Bandi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mumewe, naye ana vumbi la bluu juu ya mdomo, akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza upya. Kisha kicheko cha Mama Bandi kikakatika.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Hata ile siku ya mchaichai? Mtoto akalia kazini?"

"Wewe huanzia kushoto, fundi. Mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, mkebe wa kushoto. Nilihesabu tu."

"Kwa nini, lakini?"

Bwana Pua alifuta chaki kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nakuona unapanda na lile debe la udongo," alisema. "Nilikuwa nasimama kwenye dirisha linalotazama ngazi. Unatua kila ghorofa, unashika kiuno. Ungefika juu nikwambie nini? Kwamba kazi yote bure?"

Mama Bandi aliumia, na aliona afadhali aseme. "Nguo ikibana, unasema inabana," alimwambia. "Mimi nafumua, naanza tena, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, sijawahi kuichoka. Lakini ukiniambia imekukaa wakati inakubana, nitashonea nini?"

Bwana Pua alitazama vigae. "Basi inabana," alisema. "Sisikii kitu chochote. Ni kama kunusa kioo cha dirisha. Na naogopa, mke wangu, kwamba ndiyo basi tena."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo. Mama Bandi alivuta ndoo ya kudekia, akaigeuza, akakaa karibu naye. Kisha akafungua daftari, akapiga mstari juu ya wiki sita zote, na chini yake akaandika: "Jibu la 'hakuna' ni halali."

"Na kuanzia kesho naanzia kulia," alisema.

"Usianzie kulia, fundi. Utaniliza na mimi."

Ndipo jambo la ajabu likatokea. Bwana Pua, aliyekuwa akiburutwa roshani kama mtoto anayepelekwa kuoga, alianza kwenda mwenyewe. Mtu akiacha kulinda uongo mikono yake inabaki bila kazi, na mikono ile ilikuwa imezoea kukanda. Siku ya pili tu aliingiza vidole kwenye mkebe wa rehani, akavitoa, akauliza kwa ukali, "Udongo huu umekandwa na nani?"

"Na mimi."

"Haujakandwa. Umemwagwa."

Akamwaga mikebe yote kwenye karai, mmoja baada ya mwingine, akachanganya udongo na mchanga, akaukanda kwa viganja mpaka jasho likamtoka. Alimfundisha mkewe kuubana ngumi moja: ukishikana halafu ukaachia kwa kuguswa kidole, umeiva. Ukibaki bonge, ongeza mchanga. Alianzisha ndoo ya mboji, yenye kifuniko, akatia maganda na majani ya chai na kila kilichobaki jikoni, akaigeuza kila Jumamosi na kuizungumzia kwa heshima aliyokuwa akiizungumzia hamira. Alishuka mwenyewe kwa muuza miche, wakabishana juu ya mbolea mpaka watu wakadhani wanagombana, akarudi na mche wa pilipili ambao hakuna aliyemtuma.

"Huo uko kwenye bandi," Mama Bandi alimwonya.

"Najua. Na mimi je? Mimi niko uzi gani?"

"Mweupe."

"Miaka thelathini na minane ya ndoa?"

"Bado najaribisha."

Masomo yaliendelea asubuhi na jioni, na yeye alifungwa macho kwa kipande cha kitambaa ili asije akadanganya hata kwa bahati mbaya. Mama Bandi alianzia kulia, akaanzia katikati, akarudia kimoja mara mbili. Hakuna, aliandika. Hakuna. Hakuna. Mwezi, miezi mitatu, miezi mitano. Kati ya hizo "hakuna" palikuwa na siku aliyosema "pua imewasha," na siku aliyosema "kitu, lakini sijui nini, kama sabuni kwa mbali," na ikaandikwa hivyo hivyo bila kutiwa chumvi. Binti alipopiga simu aliambiwa ukweli. Jambo moja tu Mama Bandi hakumwambia mtu: kila "hakuna" ilimkaa kifuani. Alijua daktari alisema inaweza isirudi. Lakini mkanda wa mumewe ulikuwa umesogea tundu moja, kwa sababu ya kukanda udongo na kupanda ngazi, na mlinzi wa chini alikuwa akija kuomba mchaichai kila wiki na kukaa kuzungumza, na nyumba ilikuwa na makelele tena. Kwa mambo hayo alishukuru.

Asubuhi moja ya mawingu, kabla ya chai, Bwana Pua alikaa kwenye kigoda, kitambaa machoni, mikono magotini. Majani ya nje ya mchaichai yalikuwa yamekwenda na mlinzi jana yake, kwa hiyo Mama Bandi ilimbidi aingize mkono ndani kabisa ya kichaka, akapapasa, akakata jani moja changa. Alilisugua, akalipeleka puani.

Bwana Pua alivuta pumzi. Akageuza kichwa kidogo, kama zamani uani kwenye magunia.

"Nyanya," alisema.

Mama Bandi alishusha jani. "Tulikubaliana," alisema.

"Nakwambia nyanya."

"Hatuna nyanya, mume wangu. Hatujawahi kupanda nyanya. Jibu la hakuna ni halali, tuliandika."

"Sijui hilo jani ni la nini, jani silisikii." Akapapasa hewani, akaushika mkono wa mkewe, akavivuta vidole vyake hadi puani. Alinusa kimoja kimoja. "Hapa. Kwenye vidole vyako. Na si nyanya yenyewe, ni jani lake. Ule ukali wa kijani unaoganda mkononi. Kule kiwandani zilijiotea nyuma, kwenye mfereji, nilikuwa nikipita nguo zinanuka siku nzima. Umeshika jani la nyanya, fundi. Usinibishie."

Mama Bandi alitaka kubisha. Badala yake alirudi kwenye mkebe, akapiga magoti kwenye vigae, akaupasua mchaichai katikati kwa mikono miwili, namna mtu anavyotenganisha nywele za mtoto. Ndani, kwenye kivuli, palikuwa na mche mwembamba wenye majani yenye meno pembeni na shina lenye vinyweleo. Ulikuwa na urefu wa mkasi. Ulitoka kwenye mboji ambayo mumewe alikuwa akiitia mkebeni, kwenye mbegu ya nyanya iliyopitia jikoni, na ulikuwa umeishi pale kwa jua na upepo na bila kujulikana. Hakuna aliyeuchagua. Hakuna aliyeupima. Haukuwa na uzi wowote.

Aliugusa jani, akanusa vidole vyake. Ulikuwa ule ule ukali.

"Upo?" aliuliza Bwana Pua kule nyuma, kitambaa bado machoni.

Mama Bandi alijifuta macho kwa aproni.

"Fundi. Upo au haupo?" Kisha akasikia pumzi za mkewe. "Umeanzia kulia?"

"Naanzia kulia," alisema Mama Bandi. "Upo. Upo, mume wangu, mrefu hivi."

Bwana Pua alivua kitambaa. Alikuja akapiga magoti pembeni yake, magoti yakilia, akainamisha pua yake, ambayo ndogo haikuwa, mpaka ikagusa jani. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na alikuwa anatabasamu kwa meno yote. "Ni kwa mbali," alisema. "Kama redio ya chumba cha pili. Lakini ni nyanya."

Mama Bandi alikwenda kwenye cherehani, akarudi na kibunda cha uzi wa kijani na mkasi. Alikata vipande viwili. Kimoja alikifunga kwenye shina la nyanya, kwa kulegea, na huo ukawa mche wa kwanza katika nyumba hiyo kupokelewa bila bandi. Kisha akamshika mumewe mkono wa kushoto, akamfunga cha pili kwenye kifundo, kwa fundo lile lile.

Bwana Pua aliutazama uzi, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Miaka thelathini na minane," alisema. "Bandi gani hiyo?"

"Sikuwa na haraka," alisema Mama Bandi.